Tiba ya mikono kwa maumivu sugu ya mgongo: mikono hufanya nini hasa?

Mgonjwa amelala kifudifudi, mto mdogo umewekwa chini ya tumbo. Mtaalamu wa fiziotherapia anashuka na uti wa mgongo kwa vidole gumba viwili, pingili baada ya pingili, na anapofika chini, karibu na nyonga, mgonjwa anasema, "Hapo hapo." Vidole vinatua. Vinaanza kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, taratibu, kwa dakika moja hivi. Anaulizwa anajisikiaje. Bado panauma, anajibu, ila si kama mwanzo.

Hiyo ndiyo tiba ya mikono: mtaalamu aliyesomea viungo na misuli anatumia mikono yake, bila dawa wala sindano, kusogeza viungo au kushughulikia misuli ili maumivu yapungue na mwili usogee kwa urahisi zaidi. Ni jina la jumla, na chini yake mna mambo yasiyofanana sana. Kuchua misuli kumo, na wengi wetu tunakujua. Mengine mawili yanahitaji maelezo, kwa sababu watu huyachanganya.

La kwanza ni kusogeza kiungo polepole, kama ilivyokuwa kwa mgonjwa wetu. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, aliupanga usogezaji huu katika madaraja manne ambayo watu wa fani bado wanayatumia. Unaweza kuyajaribu kwenye kidole chako mwenyewe. Shika ncha ya kidole cha shahada kwa mkono wa pili, kisha kirudishe nyuma pole pole. Mwanzoni kinakwenda bila ubishi. Ukikichezesha kidogo tu hapo mwanzoni, hilo ni daraja la kwanza. Ukikipeleka kwa upana lakini ukaishia kabla hakijaanza kukaza, ni la pili. Ukienda kwa upana mpaka kinapokaza, ni la tatu. Ukibaki pale pale kinapokaza na kukitikisa kidogo kidogo, umefika la nne. Madaraja mawili ya mwanzo hutumika zaidi pale maumivu yanapotawala. Mawili ya mwisho, pale kiungo kinapokuwa kimekakamaa. Na muda wote huo mgonjwa anaweza kusema "basi", mikono ikasimama.

La pili ni msukumo wa ghafla. Hapa mtu hulazwa ubavu, goti la juu limekunjwa, kiwiliwili kimegeuzwa kidogo. Mtaalamu anauzungusha mgongo hadi unapokaza, halafu anatoa msukumo mmoja, mfupi na wa haraka. Ni wa haraka kiasi kwamba mgonjwa hana nafasi ya kuuzuia, na ndiyo maana ridhaa yake inatakiwa kuombwa kabla. Mara nyingi hapo ndipo unaposikika ule mlio: ko!

Mlio huo umewapotosha wengi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Sio mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna ute, na nyuso mbili za kiungo zinapoachana ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wenye gesi hutokea ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti walipiga picha za MRI za vidole vikialishwa na wakauona uwazi huo ukitokea pale pale mlio unaposikika. Ni jambo lile lile linalokufanya ushindwe kukialisha tena kidole ulichokialisha sasa hivi, mpaka zipite kama dakika 20. Na walipofuatiliwa wagonjwa wa mgongo waliosikia mlio na wasiousikia, walioambulia kimya hawakuonekana kupata nafuu ndogo kuliko wenzao.

Tuje kwenye neno "sugu". Watu husikia "sugu" wakadhani ni "makali". Sivyo. Maumivu ya mgongo wa chini, ambayo kwa mazungumzo ya kawaida tunasema tu kiuno kinauma, huitwa sugu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, yawe makali au ya kunung'unika tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kati ya kila wagonjwa kumi, kwa takriban tisa haonekani ugonjwa au jeraha moja mahususi ambalo daktari anaweza kulinyooshea kidole na kusema ndilo chanzo.

Hili la tisa kati ya kumi linawakera wagonjwa, na sishangai. Mtu anateseka mwaka mzima halafu anaambiwa hakuna kilichoonekana. Au anapigwa picha, kinaonekana kitu, na anakishika kitu hicho kama jibu: "diski (ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili) imelika", "diski imetokeza". Shida ni kwamba vitu hivyo vimejaa hata kwa wasioumwa. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na dalili za diski kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa sehemu kubwa, basi, diski iliyochakaa ni kama mvi: inaonyesha umri, haielezi maumivu.

Sasa, kama mara nyingi hakuna kitu kimoja kilichoharibika, mikono inatengeneza nini?

Jibu la zamani lilikuwa kwamba inarudisha mfupa uliohama. Wazo hili lina historia. Andrew Taylor Still alianzisha osteopathia huko Marekani mwaka 1874, akiamini kuwa magonjwa mengi yanatokana na hitilafu za mifupa na misuli. Mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, Daniel David Palmer alianzisha kiropraktiki, fani ya kutibu kwa kusukuma pingili kwa mikono. Masimulizi ya fani hiyo yanasema mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtunza jengo aliyekuwa na shida ya kusikia, na kwamba Palmer alimsukuma pingili akasema imerudi mahali pake. Fani zimebadilika sana tangu hapo, lakini lugha imebaki. Bado utasikia mtu akiambiwa pingili yake imehama, nyonga imepanda, mgongo umeteguka na unahitaji kupangwa upya.

Mgongo haupangwi hivyo. Pingili tano za kiunoni zimefungwa kwa diski, kano nene na misuli mizito. Msukumo wa mikono haubadilishi mahali zinapokaa, na zingekuwa zinahama kirahisi hivyo tusingethubutu kupiga chafya. Tena wataalamu wawili wakipapasa mgongo mmoja, mara nyingi hawakubaliani ni pingili ipi "imekaza". Na wagonjwa wanapata nafuu hata hivyo, jambo linaloonyesha kwamba nafuu haitegemei kuilenga pingili ile ile.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo yanaelekea kwenye neva. Ngozi, misuli na viungo vimejaa vipokezi vya mguso, mgandamizo na mvuto. Mikono inapobonyeza, taarifa nyingi hupanda kwenye uti wa mgongo hadi ubongoni, na mfumo wa neva una njia zake za kupunguza sauti ya maumivu. Misuli iliyokuwa imejikaza kwa kujihami hulegea. Ongeza na mambo ambayo vipimo havinasi kirahisi: mgonjwa amesikilizwa, ameguswa kwa uangalifu pale panapomuuma na hakuna baya lililotokea. Mtu aliyekuwa akiuhofia mgongo wake kwa miezi anagundua kuwa unaweza kubonyezwa na kugeuzwa bila kuvunjika. Wapo wanaoliona hili kama kuidogosha tiba, kana kwamba tunasema nafuu ni ya kufikirika tu. Silioni hivyo. Maumivu yenyewe hutengenezwa na mfumo huo huo wa neva. Kuyapunguza kupitia huko ni tiba halali.

Ila nafuu hiyo ina kimo na ina muda. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47, yenye washiriki zaidi ya 9,000, kuhusu tiba za kusogeza na kusukuma pingili kwa wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Tiba hiyo ilifanya kazi sawa na matibabu mengine yanayopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Haikuyashinda. Kwa lugha ya nyumbani: inasaidia, si muujiza, na anayekuambia ameponya kila mgongo uliopita mikononi mwake anakuuzia kitu.

Miongozo ya matibabu inasema karibu hayo hayo. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, iliruhusu tiba ya mikono kwa sharti kwamba iwe ndani ya mpango wenye mazoezi, si peke yake. WHO, katika mwongozo wa Desemba 2023, iliweka kuchua na kusukuma pingili miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa, pamoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi na msaada wa kisaikolojia. Mwongozo huo huo ulishauri mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida kwa wagonjwa hawa, na vilevile kuvutwa mgongo kwa mashine. Wengi wamenunua mkanda wakauvaa mwaka mzima, najua.

Sharti la mazoezi halikuwekwa kama pambo. Mikono ikishatuliza maumivu, mgonjwa anapata muda, pengine wa saa chache, pengine wa siku kadhaa, ambao kuinama na kutembea hakumuumi kama jana. Muda huo ndio wenye thamani. Akishuka kitandani akaenda kukaa kwenye kiti mpaka miadi ijayo, umepita bure. Akiutumia kuinama, kunyanyua mzigo mwepesi kisha mzito kidogo, kutembea mwendo aliouacha, mwili unajifunza upya kwamba mwendo si hatari. Ndiyo maana mtaalamu makini hamalizi kazi mgonjwa akiwa amelala. Anamsimamisha, anamwambia ainame tena, ajaribu lile lililokuwa likimshinda alipoingia.

Maneno nayo ni sehemu ya tiba. Mgonjwa aliyeambiwa "nimekurudishia pingili" anaondoka akiamini kuwa inaweza kutoka tena akiinama vibaya, na njia pekee ni kurudi kitandani. Huyo atarudi kila wiki kwa miaka. Aliyeambiwa "mgongo wako ni mzima na imara, tumeutuliza, sasa uutumie" ameondoka na kitu tofauti kabisa, ingawa mikono ilifanya yale yale. Mimi ningempima mtaalamu kwa hilo kabla ya kuangalia vyeti vya ukutani. Na baada ya miadi minne au mitano, kama hakuna lililobadilika katika kulala, kutembea au kufanya kazi, sioni sababu ya kuendelea na yale yale.

Wapo wasiopaswa kulazwa kwenye kitanda hicho kabla daktari hajawaona. Ganzi sehemu za siri na zile zinazogusa tandiko mtu anapopanda farasi, kushindwa kutoa au kuzuia mkojo au choo, au miguu yote miwili kulegea: hizo ni dalili kwamba neva za mwisho wa mgongo zinabanwa, na ni za kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, historia ya saratani, au kuanguka vibaya navyo vinataka uchunguzi kwanza. Mwenye mifupa iliyodhoofika, awe kwa umri au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, asipewe msukumo wa ghafla. Kuchuliwa kwa upole ni habari nyingine.

Kwa waliobaki, madhara ya kawaida ni madogo. Wengi husikia uchovu au maumivu ya misuli jioni ile au siku inayofuata, mfano wa aliyefanya kazi ya mwili asiyoizoea, na huisha ndani ya siku moja mpaka tatu. Maumivu mapya yanayoshuka mguuni, au unyayo unaoanza kuburuzika unapotembea, hayamo katika uchovu huo. Hayo yakitokea, miadi ya mikono isimame na daktari aonwe.