Uniti 11 kwa kilo moja ya siki

Nikisema nawalisha bakteria umeme, watu huomba niwaonyeshe. Ninachowaonyesha ni chupa mbili za kioo zilizounganishwa, katikati utando unaopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Chupa moja ina anodi, yaani ncha chanya ya umeme, ambako maji hupasuliwa na kunyang'anywa elektroni. Nyingine haina oksijeni kabisa. Humo mna kathodi, yaani ncha hasi, ya grafiti, na bakteria wameigandia kama ukoga wa meno. Tunapuliza hewa ukaa, tunawasha umeme. Bakteria hupokea elektroni na kuunganisha molekuli mbili za hewa ukaa kuwa asetati, yaani asidi ileile ya siki.

Mwaka 2010 Kelly Nevin, Derek Lovley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walionyesha kwamba bakteria aitwaye Sporomusa ovata anaweza kazi hii. Zaidi ya asilimia 85 ya elektroni walizompa zilipatikana ndani ya mazao. Mpaka leo nalistaajabia jambo hilo. Sababu yake ni kwamba kutengeneza asetati humpa kiumbe huyu nguvu kidogo mno, basi hanenepi. Karibu kila anachopokea hukitoa nje.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo matangazo mengi ya teknolojia hii hunyamaza. Molekuli moja ya asetati inataka elektroni 8. Kwa kilo moja ya asidi hiyo, mtambo ukiendeshwa kwa volti 3 bila kupoteza elektroni hata moja, unahitaji karibu uniti 11 za umeme. Kilo hiyo imefunga hewa ukaa kilo 1.5 hivi. Kwa hiyo umeme wako ukitoa zaidi ya gramu 140 za hewa ukaa kwa kila uniti, unachafua kuliko unavyosafisha. Umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo nzima. Kwa umeme huo nisingeuwasha mtambo wangu. Wa maji, upepo au jua, ndiyo.

Halafu siki yenyewe hutoka nyepesi, imezama katika maji mengi, na kuitenganisha ni gharama. Ndiyo maana siku hizi nimevutwa na bakteria wengine, kama Clostridium kluyveri, ambaye akipewa asetati na ethanoli hurefusha mnyororo wa kaboni wa asidi, kutoka kaboni 2 za asetati mpaka kaboni 6, ikawa asidi kaproiki. Asidi hiyo hunuka beberu, lakini haipatani sana na maji: ukiikoleza na kuongeza uasidi wa mchanganyiko, hujitenga na kuelea juu kama mafuta.