Kufundisha vinyume darasa la awali: anza na vitu viwili, si orodha

Pita karibu na darasa la awali hapa Moshi utasikia kiitikio: "Kinyume cha refu?" "Fupi!" "Kinyume cha nene?" "Nyembamba!" Sauti zinafika barabarani na mzazi anafurahi. Sasa mpe mtoto huyohuyo vijiti viwili, umwombe kile kifupi. Wengi hukupa kilicho karibu na mkono.

Mimi hufundisha watoto wa miaka minne na mitano, na chati yenye "refu – fupi" nimeiondoa ukutani. Nyumbani mtoto husikia mti mrefu, kijiti kirefu, kamba ndefu. Hajawahi kusikia "refu" tupu. Sitaji sifa bila kitu chake, na upatanisho wa ngeli unaingia wenyewe.

Vitu hivyo viwili vitofautiane kwa jambo moja tu. Ukishika embe kubwa bichi na embe dogo lililoiva, mtoto atajuaje kama unasema ukubwa au rangi? Wakishazoea, leta kijiti cha tatu, kirefu zaidi. Kile walichokiita kirefu kimekuwa kifupi! Hapo wanabisha kweli, na mimi nawaacha wabishane. Asubuhi ambayo mlima umejifunua tunatoka nje kuutazama: Mawenzi, mita 5,149, ni kilele kirefu, lakini mbele ya Kibo, mita 5,895, ni kifupi. Namba hizo ni za mwalimu. Mtoto anahitaji macho tu.

Jozi zote hazina uzito mmoja. Kikubwa na kidogo huja mapema, kipana na chembamba huchelewa. Zaidi na pungufu ndiyo ngumu kuliko inavyoonekana. Mwaka 1968 watafiti Margaret Donaldson na George Balfour waliwaonyesha watoto wadogo miti ya kuigiza yenye matofaa. Wengi walipoulizwa mti wenye pungufu, walionyesha wenye mengi. Wengine baadaye walihoji kama hawakuelewa neno au walivutiwa tu na wingi. Kwa vyovyote, jibu moja sahihi halinitoshi. Nauliza pande zote mbili, kwa siku tofauti. Na tuwe makini wenyewe: maji ni kidogo, maembe ni machache.

Ninachokipenda zaidi ni vitenzi, kwa sababu Kiswahili kimetuandalia kazi: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, vaa na vua, anika na anua. Hakuna picha inayohitajika. Kopo lenye kifuniko, sweta, na kamba ya nguo vinatosha, na masika yakiingia "anueni!" inakuwa mchezo wa kukimbia. Usishangae mtoto akikuambia kinyume cha lala ni "lalua". Ameshika mtindo, mjibu tu "amka" na mwendelee.

Baba na mama, kaka na dada, siviiti vinyume, ingawa najua walimu wenzangu wengi huvifundisha hivyo. Ni jozi. Mama hampingi baba kwa lolote, angalau si darasani kwangu.

Kulia na kushoto nakuweka mwisho kabisa. Ukisimama ukiwatazama, kulia kwako ni kushoto kwao, na umri huu bado hauwezi kugeuza hilo kichwani. Siku ya somo hilo nawapa mgongo, ndipo nainua mkono.