Kuacha nyama polepole: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Mombasa ukisema tu unataka kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa kila mtu anakuwa daktari, na mengi wanayokwambia si kweli.

"Hayo mambo ya wazungu." Jina vegan, yaani mtu asiyekula chochote cha mnyama, ndio lilitungwa Uingereza mwaka wa 1944, lakini chakula chenyewe tunacho kitambo. Mbaazi za nazi, pojo, mchicha wa nazi, wali na maharagwe, muhogo, viazi karai. Mbaazi uziroweke usiku, zichemke mpaka zilainike kabisa, utie tui jepesi zinywe, mwisho lile tui zito huku unakoroga lisikatike, hapo nyumba nzima itakula na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Cha kuangalia ni mahamri manake wengine hutia maziwa ama mayai, na pilau na chapati mara nyingi zina samli, so uliza kwanza.

"Ukiamua ni uache vyote leo leo." Nani kasema? Anza na chai ya asubuhi, mahamri ya tui na mbaazi na strungi (chai ya rangi) ya tangawizi badala ya chai ya maziwa, ukishazoea unaingia chakula cha mchana, na kama samaki wa kupaka ndio roho yako basi muache awe wa mwisho. Hata tumbo linataka hivo, ukijaza maharagwe ghafla litajaa gesi ukate tamaa bure.

"Utakosa protini." Kunde, maharagwe, pojo na njugu zina protini ya kutosha ukila za kushiba, na si lazima uchanganye kila kitu kwenye sahani moja, bora siku nzima umekula tofauti tofauti.

Ghali? Sokoni Kongowea kilo ya maharagwe makavu haifiki bei ya kilo ya nyama. Ghali ni zile soseji za soya za supamaketi na hakuna anayekulazimisha.

Sasa hii ndio ya hatari: "Kula mboga za majani kwa wingi, vitamini zote ziko humo." Vitamini B12 haimo. Hio hutengenezwa na bakteria na mimea haina ya kutegemea, mchicha ule gunia zima huipati. Na kwa vile ini lina akiba inayoweza kukaa miaka, mtu anajiona mzima kabisa, kumbe inaisha taratibu, baadaye ndio uchovu, damu kupungua, miguu kufa ganzi, na mishipa ya fahamu ikishaumia sana inaweza isipone. Nunua tembe za B12 duka la dawa uzitumie tangu mwanzo, na mama mjamzito ama anayenyonyesha aongee na daktari kabisa asibahatishe.

Madini ya chuma nayo, kunde zinayo lakini strungi ukiinywa pamoja na chakula inayazuia yasiingie mwilini vizuri. Kamulia ndimu kwenye kunde zako, chai isubiri kama saa moja hivi, hata ile strungi ya asubuhi.