Mbuzi haharishi, kumbe minyoo inammaliza: maswali ya wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikikolea, kuanzia Januari hadi Aprili, wafugaji wa mbuzi wa Rungwe, Uyole na Kilolo huuliza maswali yale yale, na mengi yanarudi kwa mnyoo mmoja, *Haemonchus contortus*. Ninayajibu kwa sababu mbuzi wengi wanaouawa naye wangepona.

Mbuzi wangu amedhoofu, ana uvimbe chini ya taya, lakini haharishi. Inawezekanaje iwe minyoo?

Inawezekana kabisa, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mnyoo huyu kwa kawaida hamfanyi mbuzi aharishe, anamkausha damu.

Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne. Cha kwanza, kile kikubwa kinachojaza ubavu wa kushoto, huchachusha majani. Cha nne ndicho kinachofanana na tumbo letu, chenye tindikali, na humo ndimo mnyoo anapong'ang'ania ukutani akifyonza. Ana urefu wa sentimita 2 hadi 3. Jike lake linaonekana kama kamba iliyosokotwa kwa uzi mweupe na mwekundu, na ule wekundu ni damu ya mbuzi wako. Mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Ni kidogo mno, lakini minyoo 1,000 hunyonya mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita 2.

Damu ikipungukiwa protini, maji huvuja na kutuama chini ya taya. Mama mmoja wa Kiwira aliniambia uvimbe wa mbuzi wake "unakuja jioni, asubuhi umeondoka", akahisi kuna mkono wa mtu. Alikuwa ameona sawasawa. Mchana kutwa mbuzi ameinamisha kichwa akila, maji yanashuka, usiku yanapungua.

Nitajuaje kabla hajavimba?

Tazama ukope wa chini, upande wa ndani. Msogeze mbuzi kwenye mwanga wa jua, si ndani ya banda. Funika jicho kwa ukope wa juu, libonyeze taratibu kwa kidole gumba, kisha vuta ukope wa chini kwa kidole cha mkono mwingine. Utando utachomoza, soma rangi yake upesi, halafu fanya jicho la pili. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukianza kufifia na kuwa wa waridi, mpe dawa. Ukiwa mweupe kama karatasi, huyo ni wa kushughulikiwa leo, usingoje siku ya mnada.

Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii. Kumbuka tu kwamba minyoo bapa wa ini nao huishusha damu, hasa kwa mbuzi wanaochungwa mabondeni penye maji.

Basi niwanyweshe wote kwa pamoja?

Hapana, na najua wengi hufanya hivyo. Ukinywesha kundi zima kila mara, minyoo inayobaki hai ni ile tu iliyoishinda dawa, nayo ndiyo itakayozaana. Nywesha wenye ukope uliofifia, waliovimba na waliokonda.

Nilinywesha, lakini hakuna nafuu.

Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo. Ini la mbuzi huvunja dawa kama albendazoli haraka kuliko la kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo humpunja. Wengine hukadiria uzito kwa macho, au hugawa dozi ya mmoja kwa wawili. Mpime kwanza, kisha mwulize bwana mifugo kipimo cha mbuzi. Usijiongezee mwenyewe, maana kuna dawa ambazo zikizidi huua. Unaponywesha, pitisha bomba pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi, bila kuinua kichwa sana, dawa isije ikaingia mapafuni.

Na mwenye mimba?

Asipewe albendazoli mwezi wa kwanza wa mimba; hudhuru kijusi. Ipo dawa nyingine. Mbuzi hubeba mimba kama siku 150, na karibu na kuzaa kinga yake hushuka, hivyo mkague zaidi wakati huo.

Malishoni nifanye nini?

Mayai hutoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu viluwiluwi, yaani minyoo michanga, huwa tayari kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Hupanda majani kwa kufuata umande, ila hawafiki juu. Kwa hiyo fungulia mbuzi umande ukishakauka, na usiwaache watafune nyasi hadi shinani. Mbuzi kwa asili yake hupenda vichipukizi: katia matawi, yafunge juu ya banda wayanyofoe wakiwa wamesimama.

Ukitaka uhakika, kinyesi kinaweza kupimwa mayai maabara. Kichukue kwenye njia ya haja, si chini, kwa mkono uliovaa glovu. Geuza glovu ndani nje, ifunge, andika alama ya mbuzi, na ukifikishe kabla hakijapata joto.