Bonde la Msimbazi: dhana potofu kuhusu mchoro, na ukweli wake

Masika yakikolea Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mjadala wa namna ya kulipanga bonde la Mto Msimbazi huanza upya. Humo mna dhana zinazotugharimu.

Dhana: Tatizo la Jangwani litamalizwa Jangwani.
Jangwani ndipo mafuriko yanapoonekana tu. Mto unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, ndani ya Mkoa wa Pwani. Miti ikikatwa huko na kingo zikimomonyoka, mchanga hushuka na maji. Yakifika tambarare maji hupunguza mwendo, mchanga unatua, kina kinapungua, na mvua ya kawaida inatosha kufurisha. Chimbua mchanga chini bila kugusa huko juu, na mwakani utachimbua tena.

Dhana: Mchoro wa mpango wa bonde ni picha nzuri ya kupamba uamuzi uliokwisha kufanyika.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Ramani ya kila halmashauri hukomea mpakani mwake, na sehemu nyingine mpaka ni mto wenyewe. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inatazama maji, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inatazama barabara, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, mazingira. Hakuna aliye bosi wa mwenzake. Mwaka 2018 warsha za usanifu shirikishi ziliwakalisha wataalamu, watendaji na wakazi pamoja, wakalichora bonde zima: wapi mto uachiwe nafasi, wapi pawe bustani ambayo ikifurika haimdhuru mtu, wapi ardhi iinuliwe watu wajenge. Mto ukishachorwa kwa upana wake wa masika, mhandisi wa barabara anaona papo hapo kwamba daraja ni fupi. Uamuzi unazaliwa hapo mezani, penseli mkononi.

Dhana: Sheria ya mita 60 inatosha.
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na ni ulinzi wa lazima. Ila maji ya Msimbazi husambaa mbali kuliko hapo. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ikafurika mara kwa mara.

Dhana: Wakazi wa bondeni ni wabishi, hawataki tu kuhama.
Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na Kariakoo na riziki zao. Afisa mipango miji akitandaza ramani ya bustani, aulizwe kwanza: waliokuwa hapa wanahamia wapi, na nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani?