Pilipili sio ladha, na uongo mwingine tunaolishana kuhusu ubongo

Juzi jioni tulikuwa Shangani kwa muuza pweza, mnajua pale unachoma kipande kwa kijiti unachovya kwenye chachandu unasogea pembeni, sasa jamaa yangu mmoja kachovya mpaka mwisho akaanza kuhema mdomo wazi, machozi hayo, af bado ana nguvu za kutufundisha eti kosa lake kaiweka pilipili katikati ya ulimi, angeianzia kwenye ncha ingekuwa afadhali maana ncha ni ya sukari. Ule mchoro wa shule bwana! Ncha utamu, pembeni chumvi na ndimu, nyuma uchungu. Wote tuliuchora, wote tulipata vema.

Mchoro ule ni uongo. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja anaitwa Hänig alipima ulimi akakuta sehemu zinatofautiana kiduchu tu, baadae 1942 Mmarekani Boring akachora upya yale matokeo kwenye kitabu chake kwa namna ambayo waliokuja nyuma wakaelewa kwamba sehemu isiyoongoza kwa ladha fulani haiisikii kabisa, na sisi tukarithi. Ukweli popote penye vinundu vya ladha panasikia ladha zote. Nazo ni tano sio nne, ya tano ni ile ya supu iliyochemka mpaka ikakolea, Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga 1908 akaiita umami. Unabisha? Gusisha ukwaju kwenye ncha ya ulimi tu tuone kama uso hautakunjamana.

Na pilipili haimo hata kwenye hizo tano, pilipili ni maumivu. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kapsaisini, hicho kinafungua vipokezi vilevile vinavyofunguka ukigusa kitu cha kuunguza, kuanzia nyuzi joto kama 43 hivi, kwaiyo ubongo unaletewa taarifa kwamba mdomo unaungua na wenyewe uko gizani ndani ya fuvu, utajuaje kama ni moto au ni mbilimbi ya pilipili? Unaamini tu. Unatoa jasho, unatoa machozi, unapambana na moto ambao haupo. David Julius wa Marekani na wenzake ndo walikipata hicho kipokezi 1997, na 2021 akapewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Af ushahidi tunao jikoni kila siku, kata pilipili halafu ujisahau ufikiche jicho. Jicho lina ulimi? Na maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, tafuta maziwa au mtindi.

Tukiwa bado kwenye msosi, kingi tunachoita ladha ni harufu. Ukiwa na mafua chakula kinakuwa kama umetafuna karatasi, ulimi ni mzima, kilichoziba ni pua. Na harufu ina njia yake ya peke yake, maana kuona, kusikia na kugusa vyote vinapita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kinaitwa thalamasi ndo vigawanywe, harufu haipangi foleni hapo, inaingia moja kwa moja jirani kabisa na sehemu za hisia na kumbukumbu. Ndo maana mimi msimu wa korosho, mtu akikaanga za maganda kwenye kipande cha bati, ule moshi mweusi ukinipata tu nipo kwa bibi, nina miaka sita, nimeunguzwa midomo na mafuta ya ganda. Sijaamua kukumbuka chochote.

Haya, twende kwenye ile ya watoa hamasa, "binadamu anatumia asilimia kumi tu ya ubongo." Hii nikiisikia ntaondoka ukumbini. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, sasa mwili gani unalisha mfugo mkubwa hivyo ambao tisa ya kumi yake imelala? Ingekuwa kweli basi ukianguka na bodaboda bila helmeti ungekuwa na uwezekano mkubwa tu wa kugonga ile sehemu isiyotumika ukaendelea na safari. Hakuna sehemu kama hiyo, ukilala usingizi ubongo bado uko kazini.

Ya "mimi ni wa ubongo wa kulia, msanii" sitaikalisha sana. Ni kweli lugha kwa watu wengi inakaa zaidi kushoto, na Roger Sperry alipata Nobel 1981 kwa kuonyesha pande mbili zikitenganishwa kila moja ina mambo yake, ila wewe hujatenganishwa, pande zako zinaongea muda wote kupitia daraja la nyuzi zaidi ya milioni mia. Hujui hesabu, sema hujui hesabu.

Halafu kuna uongo mmoja unatuhusu sisi watu wa kusini. Tendaguru hapo Lindi Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913 wakaondoka na mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, mmojawapo ni Kentrosaurus, wa miiba mgongoni, ubongo mdogo kupita kiasi. Jamii yake hiyo ndo ikasemwa ina ubongo wa pili kiunoni kwa sababu kwenye mifupa ya nyonga kuna uwazi mkubwa. Haukuwa ubongo. Ndege wa leo nao wana uwazi kama huo na ndani yake kuna tishu yenye akiba ya sukari, haiwazi kitu.

Kwenye kuona ndo watu wanagoma kabisa, wanasema jicho ni kamera, linapiga picha basi. Wakati pa kuonea ni kisogoni! Ndo maana ukipigwa kisogo unaona nyota. Na picha yenyewe ina tundu. Chora msalaba kwenye karatasi, kulia kwake sentimita 8 hivi weka nukta nene, funga jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, anza kusogeza karatasi taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 nukta inapotea. Hapo mishipa ya jicho inatokea kwenda nyuma, hakuna seli za kupokea mwanga, ila ubongo unaziba lile tundu kwa kubuni kutokana na rangi ya pembeni, na umekubunia hivyo tangu uzaliwe hujawahi kulalamika.

Milango mitano ya fahamu pia haitoshi. Funga macho ushike pua, umejuaje mkono uko wapi? Huo ni mlango mwingine, na ule wa kukufanya usianguke uko ndani kabisa ya sikio, ndo huo unaokutapisha kwenye ngalawa. Kiswahili kimejiongeza mapema, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, neno moja kwa yote.

La mwisho ni la babu yangu mzaa mama, Mikindani. Alipopata kiharusi ulilala mkono na mguu wa kushoto, watu wakawa wanaukanda ule mkono kwa mafuta ya moto kana kwamba ugonjwa uko kwenye mkono, kumbe kilichoumia ni ubongo wa kulia, maana njia zinapishana. Lakini kilichowashinda wengi ni sahani. Babu anakula ubwabwa wa upande wa kulia mpaka katikati, anaacha mstari kabisa kama amepima, af analalamika mbona samaki hamna na samaki yuko pale kushoto anamwangalia. Mmoja akasema macho, mwingine akasema kafanyiwa. Macho yalikuwa mazima, ni ubongo ndo ulikuwa umeacha kuhesabu upande wa kushoto wa dunia, inatokea sana upande wa kulia wa ubongo ukiumia.

Bibi hakubishana na mtu. Alinyoosha mkono akaizungusha sahani.

"Haya, samaki huyo."

Babu akamtazama yule samaki kama ndo kwanza anapakuliwa, akaendelea kula.