Je, wajua kwa nini riwaya za tabianchi hurudi kwenye visasili?

Ukimtajia Mwarabu neno al-bunduqiyya bila maelezo zaidi, ana haki ya kukuuliza: silaha au mji? Kwa Kiarabu neno hilo moja ni bunduki, na ni jina la Venice pia, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji. Sisi wenye Kiswahili tulichukua silaha tukauacha mji. Wabengali, watu wa Bengal, eneo lililogawanyika kati ya India na Bangladesh, nao wana bonduk yao, nayo kwao ni silaha tu.

Juu ya neno hilo mwandishi Amitav Ghosh, mzaliwa wa Kolkata, amejenga riwaya nzima. Inaitwa Gun Island na ilitoka mwaka 2019. Msimulizi wake, Deen, ni muuza vitabu adimu anayeishi Brooklyn, mtu wa kusoma asiyetaka kusikia habari za miungu. Akiwa ziarani Bengal anasikia kisakale cha Bonduki Sadagar, tajiri aliyeandamwa na Manasa Devi, mungu wa kike wa nyoka, kwa sababu alikataa kumwabudu. Ukame, njaa na dhoruba vikamfuata kila alikogeuka, naye akakimbilia ng'ambo, hadi mahali panapoitwa Kisiwa cha Bunduki. Deen anawaza kama ambavyo mimi na wewe tungewaza: huyu alikuwa akiuza silaha. Ni rafiki yake, mwanahistoria wa Kiitaliano, anayemfumbua macho. Bonduki Sadagar ni tajiri aliyekwenda Venice.

Kitabu hiki kinahusu bahari inayopanda, misitu inayoungua, pomboo wanaokufa ufukweni na vijana wanaovuka mipaka bila karatasi. Mwandishi angeweza kuanza na mwanasayansi mwenye vipimo vyake, naye yumo. Kwa nini basi mlango wa kuingilia uwe mungu wa nyoka?

Sehemu ya jibu iko Delhi, alasiri ya tarehe 17 Machi 1978. Ghosh alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Akiwa njiani kwenda nyumbani aliona kitu cha kijivu kikichomoza chini ya wingu kama kidole, kikashuka hadi ardhini na kuja upande wake. Ilikuwa tonado, tufani nyembamba izungukayo, jambo ambalo mji ule haukulizoea kabisa. Alijibanza kwenye kibaraza akatazama baiskeli, nguzo za taa, mabati na hata vibanda vya chai vikizunguka hewani. Mwaka 2016, katika kitabu chake cha insha The Great Derangement, alikiri kwamba kwa miaka mingi alijaribu kuitia tufani ile katika hadithi akashindwa. Ilitokea kweli, yeye ni shahidi, lakini kwenye ukurasa ilionekana uongo. Msomaji angesema mwandishi kaishiwa, sasa anatuletea upepo umalize kisa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Riwaya ya uhalisia, kama ilivyokomaa Ulaya katika karne ya 19, ilijivunia mambo ya kawaida: posa, urithi, madeni, umbea wa majirani. Hali ya hewa ilikuwa pazia la nyuma tu. Mvua inyeshe ili wapendanao wakutane chini ya paa moja. Msomaji akafunzwa kudai kinachoelekea kutokea. Sasa tabianchi inaleta yasiyoelekea kutokea, na inayaleta mara kwa mara. Tena haina sura. Huwezi kuiketisha barazani igombane na mhusika. Inafanya kazi kwa miaka mia, ilhali riwaya ya kawaida huhesabu umri wa mtu mmoja, ikizidi sana ukoo wa vizazi vitatu.

Kisasili hakina shida hizo. Katika kisasili mto hukasirika na hakuna anayemdai msimulizi ushahidi. Mnyama ana nia, upepo una kinyongo, mti unakumbuka. Miaka mia tatu hupita kati ya sentensi mbili na msikilizaji hashtuki.

Ghosh hakukiokota kisakale chake jinsi kilivyo. Alikifinyanga kwa udongo wa kisa kikongwe zaidi cha Bengal, cha Chand Sadagar, ambacho washairi wamekuwa wakikitungia tenzi tangu karne ya 15. Chand ni tajiri wa majahazi. Anamwabudu Shiva, mungu mkuu wa Kihindu, na hataki kumwabudu Manasa. Mungu yule anazamisha majahazi yake na kuwaua wanawe sita. Anabaki wa saba, Lakhindar. Usiku wa arusi yake anajengewa chumba cha chuma kisichoingiwa na chochote, ila fundi ameacha tundu jembamba kama unywele, na kwa tundu hilo nyoka anapita. Behula, bibi arusi wa usiku mmoja, hakubali mumewe achomwe. Anaipakia maiti kwenye chelezo cha migomba, anashuka nayo mtoni siku baada ya siku huku mwili ukioza, hadi anafika kwa miungu na kuwachezea ngoma. Wanamrudishia mume, kwa sharti kwamba baba mkwe akubali kumwabudu Manasa. Chand anakubali. Anatoa ua, kwa mkono wa kushoto, uso kaugeuzia pembeni. Manasa anaridhika.

Anayefuatilia mikutano ya kimataifa ya tabianchi atautambua mkono ule wa kushoto.

Sasa tazama anachokifanya mwandishi. Katika riwaya, Manasa anasomwa kama mkalimani kati ya jamii mbili zisizo na lugha moja, wanyama na binadamu. Anamtaka tajiri kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu tajiri ndiye anayeishi kwa faida, na faida isiyosikia sauti ya mtu haina pa kuishia. Fikra hiyo ukiiandika kwa lugha ya ripoti inasinziza. Ukiipa mwili wa mwanamke mwenye nyoka na tajiri mwenye kiburi, unataka kujua nani atashinda.

Upande wa uhamaji, kisasili kinafanya kazi nyingine kabisa: kinachora njia. Ghosh anauweka mkimbio wa tajiri wake katika karne ya 17, wakati baridi isiyo ya kawaida, ukame na njaa viliitikisa dunia kwa miongo, katikati ya kipindi kirefu ambacho wanahistoria wanakiita Enzi Ndogo ya Barafu. Kisha juu ya njia ileile anawapitisha vijana wawili wa leo, Tipu na Rafi, kutoka Sundarbans, misitu ya mikoko yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 10,000 kwenye mpaka wa India na Bangladesh. Mei 2009 kimbunga Aila kilivunja kingo za udongo huko na maji ya chumvi yakaingia kwenye mashamba ya mpunga. Chumvi haiondoki upepo unapotulia. Ilikaa ardhini miaka, na watu wengi wakahama. Deen anapofika Venice anasikia Kibengali barabarani, jambo ambalo hata nje ya riwaya ni la kweli, maana Wabengali ni wengi mjini humo na pembezoni mwake. Msafiri wa kale na wa sasa wanakanyaga vijia vilevile. Baada ya hapo ni vigumu kwa msomaji kusema kwamba hawa vijana wamezuka jana.

Sheria haijui kusimulia hivyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamlinda anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi yake, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni ya kisiasa. Bahari haimo. Raia mmoja wa Kiribati aliomba hifadhi New Zealand kwa hoja kwamba visiwa vyao vinamezwa na maji, akakataliwa. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa haikumpa ushindi, ingawa ilisema nchi zinaweza kuzuiwa kumrudisha mtu mahali ambapo tabianchi inahatarisha uhai wake. Benki ya Dunia, kwa upande wake, ilikadiria mwaka 2021 kwamba hadi watu milioni 216 wanaweza kuhama ndani ya nchi zao kufikia mwaka 2050. Ndani ya nchi zao, nasisitiza, kwa sababu picha ya mashua baharini hutufanya tusahau kwamba wengi hawafiki hata mpakani.

Sheria inamtaka mhamiaji ataje sababu moja. Lakini muulize mtu aliyeondoka kwao: kulikuwa na chumvi shambani, na deni, na binamu aliyepiga simu, na ndoto. Kisasili kinazipokea zote kwa pamoja. Tajiri alimkimbia mungu, akaukimbia ukame, na mwana wa tajiri hakosi tamaa ya kuona ng'ambo pia.

Kuna anayesema haya yote ni mapambo, kwamba ngano ni ngano. Simeulue, kisiwa kilicho magharibi ya Sumatra, Indonesia, kilipigwa na mawimbi makubwa mwaka 1907. Wenyeji wakayapa jina, smong, wakaimba habari zake hata katika bembelezi za watoto: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa ni 7. Tetemeko si tabianchi, najua. Lakini mwandishi anayechimba masimulizi ya gharika hachimbi mchanga mtupu. Hata utenzi wa Gilgamesh, miongoni mwa hadithi ndefu za kale kabisa tulizo nazo, una gharika yake na safina yake; tena kabla ya kufika huko shujaa ameshamuua mlinzi wa msitu wa mierezi na kuikata miti. Mpangilio huo hunifurahisha kila ninapoukumbuka.

Pamoja na hayo, nina shaka moja na mtindo huu, na sidhani ni shaka yangu peke yangu. Kisasili kinaweza kumfunika mkosaji. Ukishasema mungu kakasirika, nani atauliza makaa ya mawe yalichomwa na nani, mafuta yalichimbwa na nani? Karibu na mwisho wa Gun Island kuna mashua ya buluu iliyojaa wakimbizi katika Bahari ya Kati. Manowari zinaizunguka, wanaowapinga wahamiaji wamekuja na vyombo vyao, na ghafla ndege wanafunika anga, pomboo na nyangumi wanaizingira mashua. Ni muujiza, na wakimbizi wanaokolewa. Nilipoyasoma nilisisimka, kisha nikakasirika kidogo. Mashua za kweli haziji na nyangumi.

Linganisha na Nyami Nyami. Watonga wa bonde la Zambezi wanamsimulia kama roho ya mto yenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki. Bwawa la Kariba lilipojengwa, kuanzia 1955 hadi 1959, Watonga wapatao 57,000 waliondolewa kwenye ardhi yao. Wakasema ukuta ule umemtenga Nyami Nyami na mkewe na hatakubali. Mafuriko makubwa yakaja mwaka 1957, yakaja tena 1958, yakabomoa kazi za ujenzi. Hapa kisasili hakimfichi mtu. Kinaelekeza kidole kwenye ukuta, na ukuta una wenyewe. Si ajabu kwamba Namwali Serpell, Mzambia, aliliingiza bwawa hilo katika riwaya yake The Old Drift ya mwaka 2019, ambamo kundi la mbu hudakia usimulizi kati ya sura na sura.

Kazi iliyonituliza shaka ni filamu. Mati Diop, mwenye asili ya Senegal, alitoa Atlantics mwaka huohuo wa 2019 ikapata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Vijana wanajenga mnara wa fahari Dakar na miezi inapita bila mshahara. Wanapanda mtumbwi kuelekea Hispania na bahari inawachukua. Usiku mizimu yao inarudi na kuwapanda wasichana waliobaki, macho yanageuka meupe, nao wanatoka kimyakimya kuelekea kwa tajiri wa mnara. Wanajaa sebuleni mwake na kudai jasho la marehemu. Fedha zinahesabiwa. Halafu wanampeleka makaburini na kumwamuru awachimbie makaburi.